Usingizi Juu ya Lori: Utata wa Tamati ya Filamu Rebelle

Filamu ya Rebelle, iliyoongozwa na Kim Nguyen na kutolewa mwaka 2012, inamalizika juu ya lori. Komona, msichana wa miaka 14, amepanda na kichanga chake miongoni mwa abiria asiowajua. Mwanamke mmoja anampokea mtoto ili mama apate kupumzika. Komona anajilaza, anafumba macho, na safari inaendelea. Hakuna anayesema lori linakwenda wapi, wala filamu haiongezi neno.

Tamati hiyo imewagawa watazamaji. Wako wanaoiona kuwa ni ya matumaini: vita vimeachwa nyuma, mtoto yu hai, mama amelala usingizi alioukosa kwa miaka miwili. Wengine huona kwamba hakuna kilichotatuliwa. Msichana hana nyumba, hana mume, hana wazazi; barabara ileile iliyomchukua kijijini ndiyo inayomchukua tena, na lori linaweza kusimamishwa na watu wenye bunduki katika kona yoyote. Kila upande una ushahidi wake ndani ya picha, na ndiyo maana ubishi haumaliziki. Hoja ya makala hii ni kwamba tamati hiyo huanza kueleweka inapotazamwa kama hatua ya mwisho ya unyago ulioharibiwa. Ikitazamwa hivyo, utata wake hauondoki, lakini hubadilika mahali: huhama kutoka kwa Komona na kumwangukia yule mwanamke aliyempokea mtoto.

Kabla ya kuingia katika hoja, yafaa kueleza filamu ilivyotengenezwa. Nguyen ni Mkanada wa Montreal. Fikra ya kwanza ilimjia kutokana na habari za Johnny na Luther Htoo, mapacha wa Burma walioongoza kundi la wapiganaji wakiwa bado watoto. Baadaye aliihamishia hadithi hiyo Afrika. Filamu ilipigwa Kinshasa na viunga vyake, ingawa nchi ya hadithi haitajwi. Rachel Mwanza, aliyeigiza Komona, hakuwa mwigizaji wa kazi. Alikuwa ameishi mitaani katika jiji hilo. Februari 2012 alituzwa Dubu wa Fedha wa mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Berlin, na mwaka uliofuata filamu ikawa miongoni mwa tano zilizoteuliwa kuwania Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni, ikiiwakilisha Kanada. Jambo moja la utengenezaji lina uzito hapa. Matukio yalipigwa kwa kufuata mfuatano wa hadithi yenyewe, na waigizaji hawakupewa muswada mzima kuusoma. Mwanza aliijua hatima ya Komona siku kwa siku, kama Komona mwenyewe. Uso unaoonekana juu ya lori ni wa mtu aliyefika mwisho wa njia ambayo hakuonyeshwa ramani yake.

Hadithi imegawanywa kwa umri: miaka 12, 13, 14. Katika sehemu ya kwanza waasi wanavamia kijiji na kumlazimisha Komona kuwaua wazazi wake kwa bunduki. Anachukuliwa msituni pamoja na watoto wengine, na huko wanaambiwa kwamba sasa bunduki ndiyo baba na ndiyo mama. Wananyweshwa utomvu wa mti, unaoitwa maziwa. Akiisha kuunywa, Komona anaanza kuiona mizimu ya waliokufa, miili iliyopakwa weupe na macho yasiyo na mboni, nayo inamwonya askari wa serikali wanapokaribia. Kwa sababu ya maono hayo anapona pale wenzake wanapouawa, na kiongozi mkuu wa waasi, anayeitwa Tigre Royal, anamfanya mchawi wake wa vita. Nyuma ya yote hayo kuna koltani, inayochimbwa kwa mikono na kulindwa kwa risasi.

Sehemu ya pili ni ya furaha, na ndiyo inayoipa filamu moyo wake. Komona anatoroka na Magicien, kijana mwenye ualbino aliyekuwa mpiganaji mwenzake. Kijana anataka kumwoa. Komona anakumbuka mafundisho ya baba yake: mchumba atakiwe kuleta jogoo mweupe, ndege asiyepatikana kwa urahisi. Magicien anaanza kumsaka jogoo huyo kijiji kwa kijiji, akichekwa na kila anayemuuliza, mpaka anampata. Wanakwenda kuishi kwa mjomba wa kijana, mchinja nyama ambaye mwenyewe hawezi kuvumilia kazi yake, kwa sababu nyama inamkumbusha yaliyoipata familia yake. Yaliyoipata ni nini? Komona, ambaye ndiye msimuliaji wa filamu nzima, anakataa kusema. Anaeleza kwamba akiyataja, msikilizaji wake hataendelea kumsikiliza. Neno hilo litahitajika tena mbele.

Sehemu ya tatu ni ya kukamatwa. Magicien anauawa, Komona anarudishwa vitani na kamanda anamfanya mke kwa nguvu. Anamuua kamanda na kutoroka, akiwa na mimba. Mizimu ya wazazi wake inamtokea ikidai kuzikwa, naye anaogopa kwamba isipozikwa itamwandama mtoto. Safari ya kurudi kijijini ina mambo mawili makubwa, kujifungua na kuzika, na yote mawili anayafanya peke yake: hana mkunga, wala hana waombolezaji. Baada ya hapo ndipo anapokutana na lori.

Filamu za namna hii, ambazo humfuata kijana kutoka utotoni hadi utu uzima, huweza kuitwa filamu za makuzi. Katika riwaya ya Kiswahili mkondo huo una mizizi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, na Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980, ni riwaya za wasichana wanaotoka katika nyumba ya baba mkali na kuikuta dunia. Msomaji aliyelelewa na riwaya hizo huizoea namna fulani ya mwisho: ama mhusika anaangamia, ama anarudi nyumbani na suala la kusameheana linawekwa mezani. Rebelle haimpi mtazamaji lolote kati ya hayo mawili. Komona haangamii. Anarudi nyumbani, lakini nyumbani hakuna wa kumsamehe wala wa kumlaani. Kijiji kimekuwa mahame, na anayewahusu huko ni wafu.

Lakini makuzi ni dhana ya zamani kuliko riwaya. Mwaka 1909 Arnold van Gennep aligawanya sherehe za mapito katika hatua tatu: kutengwa, kukaa kizingitini, na kurudishwa. Victor Turner, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia katika miaka ya 1950, aliidadisi zaidi hatua ya katikati. Wandembu hao husimulia kwamba asili yao ni himaya ya Lunda ya Mwant Yav, kwa hiyo msomaji wa Katanga hayuko mbali nao. Mwali aliye kizingitini, alieleza Turner, si mtoto tena na bado si mtu mzima. Huhesabiwa karibu na wafu, na huweza kupakwa rangi, kunyang'anywa jina, kunyamazishwa. Kwa upande wa wasichana, Audrey Richards aliishuhudia chisungu ya Wabemba mwaka 1931 na kuiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1956. Mwali alikuwa chini ya nacimbusa, bibi msimamizi wa mafunzo, ambaye katika pwani ya Waswahili angeitwa kungwi au somo. Alifundishwa kwa nyimbo na kwa vyombo vya udongo viitwavyo mbusa. (Maneno kinyago na unyago yana shina moja, udongo na mti navyo hufundisha.) Mwishoni mwali alitolewa hadharani, akapongezwa, akahesabiwa mwanamke.

Sasa itazamwe kambi ya waasi. Watoto wanatengwa na jamaa zao kwa njia isiyoruhusu kurudi, kwa kuwa anayerudi angekutana na kaburi alilolichimba mwenyewe. Wanapewa wazazi wapya wa chuma. Wananyweshwa kinywaji kinachofungua macho yasiyo ya kawaida. Wanapewa majina na vyeo: Magicien, mchawi wa vita. Wanafundishwa na wakubwa, wanapigwa, wanapakwa. Kila chombo cha unyago kipo. Waasi hawa wanaijua desturi vizuri, na wanaiiba kwa ustadi. Hata jina la Mai-Mai, ambalo wapiganaji wengi wa mashariki ya Kongo wamelichukua, limetoka katika neno la Kiswahili maji, yaani dawa ya maji ya kugeuza risasi, imani iliyosikika pia Tanganyika katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Katika filamu maji yamegeuka maziwa, ya mti usio mama wa mtu yeyote.

Kinachokosekana katika unyago huo wa bandia ni hatua ya tatu. Kambi ina mlango wa kuingilia tu. Mtoto hutengwa, akawekwa kizingitini, akabaki hapo mpaka afe au kizingiti kivunjike. Ndiyo maana Komona anaishi na mizimu: ni raia wa kizingitini, na wafu ni majirani zake. Wahakiki waliouliza kama mizimu ile ipo kweli au ni kazi ya utomvu wa mti wamejipa kazi isiyo na faida. Katika hadithi hii mizimu hufanya kazi mbili zilizo wazi: humwonya Komona na humdai. Ikishalipwa deni lake, haina tena sababu ya kumtokea.

Kwa mtazamo huo, sehemu yote ya mwisho wa filamu ni jaribio la msichana kujirudisha mwenyewe katika jamii ya walio hai. Ndoa ya jogoo mweupe ilikuwa jaribio la kwanza. Ilikuwa na posa, masharti ya baba na hata mjomba wa upande wa mume, ila ilikosa ulinzi, na vita vikaifikia. Jaribio la pili ni maziko. Katika jamii nyingi za Kiswahili na za Kibantu kwa jumla, maziko hayawi ya mtu mmoja. Kuna wachimbaji, waoshaji, waliao, wapikao, na siku za matanga. Mtu anayezika peke yake anafanya kazi ya ukoo mzima. Komona anazika kilichosalia cha wazazi wake akiwa yeye ndiye mfiwa, yeye ndiye mchimbaji, na, jambo ambalo filamu hailisemi kwa sauti lakini hailisahau, yeye ndiye muuaji. Ni vigumu kupata katika sinema ya miaka hii maziko yenye mzigo mkubwa kuliko huo, na yameonyeshwa bila kilio kirefu wala muziki wa kumsukuma mtazamaji atoe machozi.

Hata hivyo kujirudisha mwenyewe kuna mpaka wake. Mtu anaweza kujizikia wazazi; hawezi kujipokea. Kupokewa ni tendo linalotaka mtu wa pili. Hapo ndipo lori linapoingia. Mwanamke anaponyoosha mikono na kumchukua mtoto, anafanya kwa saa chache kazi ya kungwi, ya mkunga na ya bibi mzaa mama kwa pamoja. Tangu uvamizi wa kijiji, kila anayefumba macho karibu na Komona yumo hatarini, na Komona ndiye anayekesha, kwa kuwa macho yake ndiyo yanayoona adui kabla ya wengine. Kulala kwake juu ya lori kuna maana kwamba mtu mwingine anakesha. Hiyo ndiyo hatua ya tatu, nayo inafanyika bila ngoma wala vigelegele, juu ya mizigo ya watu.

Mtu angeweza kuishia hapo na kusema kwamba wenye matumaini wameshinda ubishi. Kuna jambo linalozuia. Filamu nzima ni masimulizi ya Komona kwa mtoto aliye tumboni. Tangu mwanzo anamweleza kwamba hajui kama Mungu atampa nguvu ya kumpenda, kwa hiyo anataka amsikilize vizuri. Msikilizaji huyo ni wa pekee: hajazaliwa, hawezi kuuliza, hawezi kuondoka. Na bado, hata kwa msikilizaji wa namna hiyo, Komona anaficha yaliyoipata familia ya mchinja nyama, akichelea kupoteza sikio lake. Msimuliaji huyu anajua kwamba hadithi inaweza kumfukuza msikilizaji. Katika hadithi za Waswahili msimuliaji alipofika mwisho alizoea kuikabidhi hadithi kwa waliokusanyika, iliyo njema waichukue, iliyo mbaya wamrudishie mwenyewe. Komona hana mkusanyiko wa kumrudishia.

Mwanamke wa lori hakuisikia hadithi hata kidogo. Hajui kwamba binti aliyelala mbele yake aliwaua wazazi wake, kwamba aliitwa mchawi wa vita, kwamba aliua na wengine. Anaona msichana mdogo aliyechoka na kichanga kinachohitaji kushikwa. Mapokezi anayoyatoa ni ya kweli, lakini yametolewa kwa kutojua. Je, angejua, angenyoosha mikono? Swali hilo filamu imelipanga kwa uangalifu na kuliacha bila jibu. Utata wa tamati umekaa hapo. Kule lori linakokwenda ni jambo dogo kulinganisha na hilo.

Kwa msomaji wa Haut-Katanga swali hilo halijatungwa na sinema. Mwishoni mwa mwaka 2005 operesheni za jeshi la serikali dhidi ya Mai-Mai ziliwafukuza watu kwa maelfu kutoka vijiji vya Mitwaba, Pweto na Manono, eneo lililokuja kuitwa pembetatu ya kifo. Mei 2006 kiongozi wa Mai-Mai, Gédéon Kyungu Mutanga, alijisalimisha Mitwaba kwa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, akifuatana na wapiganaji ambao wengi wao walikuwa watoto. Kamanda huyo alipata historia iliyoandikwa: Machi 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu kifo, na Septemba 2011 alitoroka katika gereza la Kasapa, Lubumbashi. Watoto waliofika naye Mitwaba siku ile walitakiwa kurudi katika nchi ambayo vijiji vyake vilikuwa vimechomwa au kuhamwa, na ambayo wenyeji wake walikuwa wakimbizi kwa sababu ya vita walivyopigana watoto haohao. Aliyebaki kijijini alijua ni nani aliyebeba bunduki. Mwanamke wa lori wa Mitwaba, tofauti na yule wa filamu, alikuwa ameisikia hadithi.

Sheria haikusaidii sana hapa. Filamu ilionyeshwa Berlin mwezi Februari 2012. Tarehe 14 Machi mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15 katika Ituri, hukumu ya kwanza kabisa ya mahakama hiyo. Kwa kamanda sheria ina maneno mengi na sahihi. Kwa mtoto ina neno moja, mhanga. Ni neno la haki, na Komona ni mhanga kweli, ila halimtoshi. Mhanga hadaiwi maziko. Komona anadaiwa, na anajua kwamba anadaiwa, na anakwenda kulipa bila kuamriwa na hakimu yeyote. Desturi ya unyago na maziko inamwona mtu aliyetenda na kutendwa kwa wakati mmoja. Ndiyo maana inaipa filamu lugha ambayo mahakama haina.

Jina la filamu nalo lina sehemu katika utata huu. Kwa Kiingereza ilitolewa kwa jina War Witch, mchawi wa vita, jina linalomfungia Komona katika cheo alichopewa na waasi. Jina la Kifaransa ni pana zaidi. Neno rebelle, kama mwasi la Kiswahili, halibadiliki kwa mume wala mke, na halisemi mtu ameasi nini. Katika miaka yake ya msituni Komona anaitwa mwasi wakati anapotii kila amri. Uasi wake wa kweli unaanza anapotoroka na Magicien, unafika kilele chake anapomuua kamanda, na unamalizika kwa utii wa namna nyingine, utii kwa wazazi waliokufa. Mfasiri wa Kiswahili angefanya vema kushika neno Mwasi na kuliacha limwangalie mtazamaji.

Lugha za filamu zingestahili makala yake. Zinazotawala ni Kilingala na Kifaransa. Kwa mtazamaji wa Kinshasa Kilingala ni lugha ya nyumbani na ya muziki. Katika Katanga, ambako nyumbani ni Kiswahili, Kilingala kilifahamika kwa miaka mingi kama lugha ya jeshi, hasa katika utawala wa Mobutu, na amri inayotolewa kwa Kilingala na mtu mwenye bunduki ina mlio wake masikioni mwa wazee. Hivyo kambi ya waasi husikika Lubumbashi ikiwa ngeni na ya kutisha kuliko alivyokusudia mwongozaji. Sauti ya Komona anapozungumza na mtoto ni ya Kifaransa, lugha ya shule aliyoikosa. Pengine sababu ni wanunuzi wa filamu wa Ulaya na Kanada tu. Hata hivyo matokeo yake ni kwamba mama anamsimulia mwanawe mabaya yote kwa lugha isiyo ya mapishi wala ya bembelezi.

Ni vyema kulinganisha na Beasts of No Nation ya Cary Joji Fukunaga, iliyotoka mwaka 2015 kutokana na riwaya ya Uzodinma Iweala. Agu, mvulana aliyekuwa mpiganaji, anafikishwa katika kituo cha watoto, anazungumza na mlezi wa kike, na mwishoni anakimbilia baharini kucheza na wenzake. Nayo ni tamati isiyofungwa, maana mawimbi hayamwoshi mtu yaliyomo moyoni. Lakini Agu anapokewa na watu ambao kazi yao ni kupokea, nao wanajua amefanya nini. Hofu yake ni kama atajisamehe. Komona ameshatenda lililo katika uwezo wake, na filamu inamwacha palepale ambapo uwezo huo unakoma. Kwa sababu hiyo mwisho wa Rebelle, ingawa una mambo machache zaidi ya kuonekana, ni mgumu zaidi.

Kuna jambo dogo la mwisho ambalo watazamaji hulipita. Safari ya lori ni ya watu wanaoshuka mmoja mmoja. Mwanamke yule ana mahali anakokwenda, na kabla ya kushuka atalazimika ama kumwamsha Komona amrudishie mtoto, ama kukaa naye kidogo na kumuuliza anatoka wapi. Picha inakatika kabla hajafungua kinywa.